Chujio Jipya la Safari ya Makunduchi

Mkadam alikuwa dereva wa teksi, na katika miaka yote ishirini ya ndoa yake hakuwahi kubadilisha oili nyumbani. Mkewe, Mwanakheir, hakutaka. Ua wao wa Kikwajuni aliufagia mara mbili kwa siku, na tone moja tu la oili lilitosha kumnunisha mpaka Isha. Kazi hiyo ilifanyiwa gereji, Darajani.

Lakini mwaka ule wa 1956 Mwanakheir alikuwa na miezi mitatu kitandani, tumbo limevimba, na daktari keshasema dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu. Alhamisi moja asubuhi akamwambia mumewe:

"Baba Wanu, nipeleke Makunduchi kwa mama. Nataka anione nngali nasema."

Gari lilikuwa Austin kuukuu. Oili yake ilikuwa nyeusi kama wanja na chujio limeziba; Mkadam aliogopa gari lisije likakwama njiani naye ana mgonjwa. Chujio jipya na kopo la oili alikuwa navyo, ila kwenda gereji kulikuwa na maana ya kumwacha mkewe peke yake.

"Ntafanya hapa hapa uani," alisema. "Usikasirike."

"Nifungulie mlango nikuone. Na usinichafulie, Baba Wanu. Watu watakuja."

Mkadam alijua ni watu wa msiba.

Akaliwasha gari kidogo ili oili ipate joto iteremke vizuri, kisha akalizima. Akatandika gunia, akamwaga mchanga juu yake, akaweka karai. Akalala chini, akafungua bolti ya chini ya injini, oili ikashuka karaini taratibu. Alipofikia kikombe cha chuma kinachoshika chujio hakufanya haraka. Alikizungushia tambara, akalegeza skrubu kidogo, akangoja mchirizi ukatike, akalegeza tena. Kikombe kikatoka wima mikononi mwake, kimejaa, akakimimina. Chujio la zamani akalifunga katika gazeti. Akafuta kila mahali, akaupaka mpira mpya wa ukingo wa kikombe oili safi kwa ncha ya kidole, akatia chujio jipya, akarudisha kikombe na bolti ya chini, akakaza. Mwisho akajaza oili, akawasha injini na kuchungulia chini kwa kitambo. Hapakuvuja.

"Imemwagika?" Mwanakheir aliuliza.

"Hata tone."

"Kweli?"

Mkadam akaliondoa gunia, akamwonyesha sakafu. Mwanakheir akaitazama, akatabasamu.

"Kumbe unaweza! Na miaka yote hiyo nakufukuza."

Mkadam akainama kuosha mikono, akakawia kuinuka, maana hakutaka mkewe amwone machozi.

Waliondoka baada ya Adhuhuri, jirani yao Bi Mize akiwa kiti cha nyuma amempakata mgonjwa kichwa. Gari halikusita hata mara moja. Bi Kazija, mama yake Mwanakheir, alitoka mbio na unga mikononi, akamkumbatia mwanawe mlemle garini. Usiku ule na kutwa ya Ijumaa mama na mwana walizungumza, wakacheka, wakalia. Jumamosi kabla ya Alasiri Mwanakheir akafariki. Wakamzika kwao.

Jumatatu Mkadam alikwenda bandarini kumpokea Wanu, binti yao aliyeolewa Pemba. Simu ya maandishi aliyompelekea Alhamisi ilisema tu kwamba mama anaumwa, aje. Wanu alishuka melini na kikapu cha shokishoki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama aliniagiza shokishoki, nimemchagulia mwenyewe. Hajambo leo?"

Mkadam akakipokea kikapu.

"Twende tukakae garini kwanza," alisema.

Wanu akamtazama usoni, akajua. Akaketi palepale gatini, juu ya mawe ya moto. Mkadam akaketi ubavuni mwake, akamshika mkono, abiria wakiwapita huku na huku, mpaka meli ikamaliza kuteremsha mizigo.