Msiba wa Springi

Bibi Dominika hakuomba makubwa. Alitaka tu kumwona uso dada yake, Sabina, kabla jeneza halijafungwa huko Makote. Lakini basi la kutoka Masasi lilikuwa limeshaondoka, na kama si jirani yake Jafari kuacha abiria wake na kumpakia kwenye bajaji, angebaki analia barazani.

Walipofika kwenye mlima wa kupandia Newala, bajaji ikaanza kukohoa.

"Bismillahi," akasema Jafari.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana," akaongeza Dominika.

"Bibi, tuombe kwa zamu. Tutamchanganya."

"Wewe vuta mafuta."

Ikapanda, kwa shida. Huko juu, kwenye mikorosho, wakakuta matawi mabichi yamelazwa barabarani. Kwao Makote, penye msiba huwekwa matawi hivyo, wapitao wapunguze mwendo. Dominika hakungoja bajaji itulie. Akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio.

"Sabina wee! Dada yangu wee, umeniacha na nani!"

Pembeni palikuwa na pikapu. Dereva akatambaa kutoka chini yake, mikono imejaa grisi.

"Pole, mama. Kafa nani?"

"Dada yangu!"

"Basi si hapa. Hapa imekatika springi."

Jafari akageukia kando, mabega yakimtikisika. Hata Dominika, na machozi yake, cheko likamponyoka.

Mzee aliyekaa kivulini na begi mapajani akainuka. "Umesema Sabina? Wa Makote?"

"Huyo huyo."

"Mimi ni Padri Cuthbert. Ndiye ninayekwenda kumzika."

Wakabanana kiti cha nyuma cha bajaji, begi la kanzu katikati. Padri akaegemea upande wenye jua ili Dominika apate kivuli.

"Padri," akauliza Dominika taratibu, "ni Mungu aliyekata ile springi?"

"Sijui, mama. Mimi nilikuwa nimekaa pale namlalamikia."

"Bahati tu hiyo," akadakia Jafari.

Makote walikuta watu kimya uani. Winfrida, binti wa marehemu, akaja kumshika mkono.

"Shikamoo, mama mdogo. Tungekuwa tumeshafunga. Tulikuwa tunamngoja padri."

Wenye misumari wakarudi nyuma kumpisha. Mtu alikuwa amemfunga Sabina kitambaa kichwani vizuri, bila kumbana. Dominika akainama, akaweka kiganja kwenye shavu lile baridi.

"Nimefika, dada," akasema.