Ruhusa ya Kusema Bangweni

Mimi ni mtu wa Mutsamudu, mtaa wa Hombo, nikavuka bahari nikaolewa Moroni, kisiwa kingine, na fundi cherehani aitwaye Saandi. Nalisema hili mapema ili msishangae nikiwasema watu wa Moroni. Wana mambo yao, na moja ni hili: mwanamume ambaye hajafanya arusi kubwa, ile ya kuoa binti wa mji wenyewe na kulisha mji mzima, hata awe na mvi kichwa kizima, huhesabiwa mtoto. Bangweni, uwanja ambako wakubwa, waliokwisha kuifanya arusi hiyo, hukaa wakakata mashauri, kazi ya mtoto huyo ni kusikiliza tu. Saandi alinioa mimi mgeni, bila ngoma wala ng'ombe, basi akabaki mtoto. Kichekesho ni kwamba majoho waliyovaa wakubwa hao siku za kusema, mengi aliyashona yeye.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, chama chake kilikaa bangweni kuchagua mgombea wa Baraza la kutunga sheria. Saandi alikuwa na kadi ya chama, na maskini alidhani kadi ni kadi. Mzee Chanfi, mkubwa wa bangwe, akamtaja Djoumoi, tajiri anayeishi Majunga, ng'ambo ya bahari, na kuonekana kwetu kila kura inapokaribia. Wakubwa wakaitikia. Hapo mume wangu akasimama.

"Wazee wangu, samahani. Huyu tulimpeleka mara iliyopita, hata bomba la maji hakutuletea. Wapiga kura ni sisi. Nasi tuulizwe."

Chanfi hakumtazama. Aliwageukia waliokaa karibu naye akauliza, "Kuna mtu amesema? Mimi sioni mtu."

Wakacheka. Kabla ya magharibi hukumu ikatoka: Saandi ametengwa na mji, pamoja na nyumba yake. Hatakaribishwa wala hataitikiwa, arusini wala mazikoni, mpaka achinje ng'ombe bangweni na kuomba radhi. Siku ya kura alikwenda akatumbukiza bahasha tupu, bila jina la mtu ndani. Djoumoi akashinda kama walivyotaka. Nilimuuliza mume wangu, "Kumbe ulikwenda kuwasalimia tu?" Aligeukia cherehani yake.

Aliyeumia zaidi ni mama yake, Bi Rahamatou. Alikuwa amepika katika kila arusi na kila msiba wa mtaa wetu wa Badjanani, na sasa wanawake wa rika lake walipita mlangoni kwake wakitazama ukuta. Kila nikimpelekea chai aliniuliza, "Koulthoum, mwanangu, nikifa nitabebwa na nani?" Nilimsihi Saandi aombe radhi, au tuhamie Hombo kwa mama yangu. Alikataa yote mawili.

"Nimesema kweli," alinijibu. "Niombe radhi ya nini?"

Uhuru ukaja, tukapiga vigelegele. Hata mwezi haukuisha, serikali ikapinduliwa. Kisha askari wa serikali mpya wakashushwa Mutsamudu, na mama yangu akaniletea habari kwamba wao nyumbani wanalala chini ya vitanda kwa kuogopa risasi. Nchi iligeuzwa juu chini mara mbili na hakuna aliyekuja kutuuliza tunaonaje. Utawala mpya ukaanza kusema yale yale aliyokuwa akiyasema mume wangu kwenye cherehani: wakubwa wametukandamiza, kila mtu ana haki ya kusema. Nilidhani atafurahi. Lakini kufikia hapo Bi Rahamatou alikuwa hainuki kitandani, na Saandi alikuwa amelainika. Akapata ng'ombe Ikoni, mji wa jirani. Alikuwa tayari kuomba radhi.

Sasa hapakuwa na pa kuombea. Arusi kubwa marufuku, karamu za bangweni marufuku, wakubwa wamekatazwa kukutana. Tulikwenda nyumbani kwa Chanfi. Mzee aliongea nasi mlango ukiwa wazi nusu.

"Mwanangu," alimwambia Saandi, "mimi peke yangu siwezi kukusamehe. Hukumu ni ya bangwe. Bangwe likikaa, utasamehewa."

"Mama anakufa, mzee wangu. Bangwe litakaa lini?"

"Wewe si ndiwe uliyetaka watu wote waseme? Waulize hao wenzako."

Lau si zile mvi zake, ningeusukuma mlango ule umwangushe. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Bi Rahamatou alikufa wiki ile. Kamati ya vijana ya utawala mpya ikaleta wabebaji, watoto wa shule, wakaenda na jeneza mbiombio kama wanaohamisha meza. Hawakujua hata kupokezana. Nikiwa dirishani niliona madirisha mengine ya kichochoro yamefunguliwa kidogo, na nyuma yake kofia za wakubwa. Walitazama mpaka jeneza likapinda kona. Saandi alikuwa nyuma yake, anakimbia ili asiachwe. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Kabla ya kura ya maoni ya mwaka wa sabini na saba, ya kuulizwa kama tunautaka utawala ule, mkuu wa Kamati, kijana aitwaye Mouzaoir, alikuja nyumbani. "Ndugu Saandi, wewe ulinyimwa haki yako. Kesho utasema bangweni. Waeleze watu kwa nini wapige ndiyo."

Alikubali upesi mno, nikaogopa.

Kesho yake bangwe lilijaa wanafunzi, maana sasa hata mwenye miaka kumi na minne alikuwa mpiga kura. Mkubwa hata mmoja hakuwapo. Saandi akasimama mbele, akaipa Kamati mgongo, akayaelekea yale mabaraza ya mawe, sasa matupu, waliyokuwa wakiyakalia wakubwa.

"Mzee Chanfi, nisamehe. Nilisema bila ruhusa yako."

Watoto walikuwa wameagizwa wapige makofi kila msemaji anapovuta pumzi. Wakapiga.

"Mzee Chaehoi, nisamehe."

Wakapiga.

Aliwataja wote, na kila jina lilipata makofi yake. Nilimwona Mouzaoir akikunja uso, asijue amnyamazishe nani.

"Mama yangu alikuwa mtu wenu," Saandi akasema. "Kama mimi hamnitaki, basi yeye mwombeeni dua. Rahamatou, mama yangu..."

Hapo walipiga kuliko mara zote, na mmoja akapiga mbinja. Saandi akangoja wanyamaze ili amalizie. Hawakunyamaza.