Kiti cha Asiyelia

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, chekundu, chenye mto wa maua uliofungwa kwa kamba. Saa za kurudi nyumbani kiliwekwa langoni, na alikikalia mtoto mmoja tu: yule ambaye kutwa nzima hakulia. Mzazi aliyeingia alitakiwa ampigie makofi kwanza, ndipo amchukue wa kwake. Hivyo ndivyo Mwalimu Mkuu wa kituo chetu cha kulelea watoto alivyopanga, na wazazi walikipenda kiti kile kuliko hata watoto walivyokipenda.

Waliolia nao walikuwa na mahali pao. Mkeka mwembamba kando ya stoo, uso ukutani. Hakuna aliyewagombeza. Hatukuruhusiwa hata kuwatazama.

"Ukimtazama umemlipa," alituambia Mwalimu Mkuu. "Kilio ni moto, na macho yako ndiyo kuni."

Maneno hayo alitoka nayo kwenye semina, na si kwamba yalikuwa uongo. Nami nilisoma mambo hayo hayo chuoni: panya kisandukuni akibonyeza kitufe akapata punje, atabonyeza tena, akibonyeza asipate kitu, mwisho ataacha. Kilichonisumbua ni kwamba kwetu yalifanya kazi. Mwezi haukuisha, chumba kilichojaa watoto wadogo kikawa kimya.

"Kama msibani," alisema Mpishi, akichungulia dirishani na mwiko mkononi. Akafikiri kidogo. "Hapana. Msibani watu hulia."

Mimi nilicheka chini chini. Wenzangu waliniita Anti Redio kwa kunitania, kwa kuwa mdomo wangu ulifunguka kwa nadra. Mwalimu Mkuu alinipendea hilo. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, naye alikwisha kunidokezea kwamba nitapewa ajira ya kudumu.

"Wewe huna maneno," alisema akinipigapiga begani. "Watu wa aina yako hufika mbali."

Kulikuwa na binti mmoja wa miaka minne tuliyemwita Chiriku. Mama yake alikuwa kinyozi, na kila asubuhi mtoto alitangaza habari zote za saluni: nani kanyolewa upara akajuta, nani kakimbia na sabuni kichwani. Alilia kwa urahisi ule ule aliochekea, kwa hiyo mkeka aliujua vizuri. Kisha akajifunza. Kwanza aliacha kulia. Halafu, jambo ambalo hakuna aliyelipanga, akaacha na kusema. Nadhani kwake yote mawili yalikuwa kufungua mdomo, na mdomo ukifunguliwa watu wanageuza nyuso.

Siku moja kabla ya chakula nilikuwa nawanawisha watoto mikono. Chiriku alisimama kando ya mlango wa stoo, wima, mkono mmoja nyuma.

"Chiriku, njoo unawe."

Hakusogea. Nilipomkaribia niliona jasho limemtiririka mpaka shingoni, na mdomo wa chini ameuuma. Upepo ulikuwa umeusukuma mlango, na kidole chake kilikuwa ndani, kwenye upenyo wa bawaba. Sijui alisimama hapo muda gani. Wote tulikuwa tumempita, tukiwa na ndoo, sahani na mataulo.

Nilipoufungua mlango, ukucha ulikuwa umeshakuwa mweusi. Chiriku alinitazama, akanong'ona:

"Sijalia, Anti. Umeona? Sijalia."

Nilimbeba mpaka jikoni, nikakiweka kidole kwenye maji baridi. Mpishi alikitazama.

"Masikini mwanangu. Na hakupiga kelele?"

"Hakupiga."

Mpishi, ambaye hakukosa mzaha hata siku aliyojimwagia uji, aliweka mwiko chini akaongeza maji baridi.

Mwalimu Mkuu alikuja, akamfunga bendeji yeye mwenyewe, kwa mkono mwepesi. Hakuwa mtu mkatili. Alipomaliza akasimama, uso umemng'aa.

"Kidole kimebanwa na mlango na chozi halikutoka! Leo kiti ni chake." Kisha akaniinamia sikioni. "Mama yake akija, mwambie amejikwaruza tu. Tusimtie hofu. Na mkataba wako nimeshautia saini, jioni upitie ofisini."

Jioni wazazi walimpigia Chiriku makofi mmoja baada ya mwingine. Alikaa kwenye mto wa maua, bendeji mapajani, akitabasamu kama aliyeambiwa atabasamu. Mama yake aliingia na aproni yake, nywele za wateja zimemganda mikononi, akapiga vigelegele.

"Huyo ndiye wangu! Huyo ni... Hii bendeji ya nini?"

"Amejikwaruza kidogo," alisema Mwalimu Mkuu. "Lakini shujaa wako hakulia. Si ndiyo, Anti?"

Wote walinigeukia. Kuitikia kwa kichwa kungetosha, na kwa hilo nilikuwa hodari. Lakini Chiriku naye alikuwa ananitazama.

"Hakujikwaruza," nilisema. "Mlango ulimbana. Alisimama pale kidole kikiwa kwenye bawaba, sisi tunapita, na hakuita mtu, kwa sababu tumemfundisha kwamba akinyamaza tutampigia makofi."

Mikono iliyokuwa inapiga makofi ilishuka.

"Anti, umechoka," alisema Mwalimu Mkuu. "Nenda ndani."

"Sijachoka."

"Ufikirie basi mkataba wako."

"Nimeshaufikiria. Yeye unamnyamazisha kwa mto wa maua, mimi kwa mkataba. Tofauti ni bei."

Baba mmoja alikohoa. "Lakini dada, kusema kweli, nyumbani kwangu siku hizi kuna amani."

"Siku tumbo likimkata, baba, utajuaje?"

Alimtazama mwanawe, aliyesimama kimya pembeni yake ameshika begi.

Kinyozi alipiga magoti mbele ya binti yake. "Kiliuma?"

Chiriku alimtazama Mwalimu Mkuu, akaitazama na mikono ya wazazi.

"Lia tu, mama," kinyozi alimwambia. "Hapa hakuna wa kukugombeza."

Hakulia. Alijaribu, uso ukajikunja, sauti haikuja. Hapo ndipo mama yake alipolia yeye, kwa sauti, mbele ya watu wote, akamnyanyua kitini, akamkumbatia na zile nywele za wateja.

Nilikibeba kiti.

"Kirudishe," alisema Mwalimu Mkuu.

"Sikirudishi."

"Basi kesho usije."

"Nitakuja. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele ya hawa, na useme sababu ni nini."

Nilikisukumia stoo, kwenye mafagio.

Kesho yake nilimkuta kinyozi langoni mapema, pamoja na yule baba wa amani na wazazi wengine. "Akitoka huyu Anti, wangu naye anatoka," alikuwa akimwambia Mwalimu Mkuu. Hakuna aliyenifukuza. Mkataba nao sikuuona tena. Mpishi aliuchukua mkeka akasema ni wa kuanikia mboga, na mwenye shida aje jikoni.

Nikaanza kazi yangu. Mtoto akikohoa, niligeuka. Akilalamika, nilikwenda. Akilia, nilikaa naye chini.

"Utawalemaza," Mwalimu Mkuu alinionya. "Kila kelele utaikimbilia?"

"Kila kelele. Mpaka waamini."

Wengine waliamini upesi, na chumba kikarudi kuwa soko. Chiriku hakuamini. Bendeji ilitoka, ukucha ukadondoka, mpya ukaanza kuchomoza, naye bado alikuwa akinivuta sketi tu na kunyoosha kidole. Nilimwitikia hivyo hivyo. Mama yake aliponiuliza kama sauti itarudi, nilimwambia kweli, kwamba sijui.

Asubuhi moja nilikuwa uani naanika mataulo. Kutoka ndani ikapasuka sauti nyembamba, yenye hasira:

"Anti! Kanimwagia maji yangu! Makusudi!"

Taulo liliangukia mchangani. Malipo yakichelewa hayafundishi kitu, hilo nalo nililisoma chuoni, basi nilikimbia kama nyumba inaungua. Nilipita mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu nikipiga kelele, nasikia, nasikia, nakuja, na nilipofika mlangoni nilihema nikamwambia:

"Nimekusikia. Nani kakumwagia?"

Chiriku alivuta pumzi, akamnyooshea mkosaji kidole, akaanza upya tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.