Vikombe Viwili Kila Jumanne

Kemuma hakwenda Homa Bay kumfumania mtu. Alikuwa amepeleka sare za shule Ndhiwa, sare alizozishona mwenyewe kwenye kibaraza chake huko Migori, na kwa kuwa kazi iliisha mapema akaamua kupitia kwa dada yake Bathsheba, aliyekuwa ameolewa Homa Bay.

Bathsheba hakumwacha hata aketi. "Leo nakupeleka Duara," akasema huku akitafuta viatu.

Duara ilikuwa mikahawa ya kahawa na donati. Ilianzia Nairobi, ikafika Nakuru, kisha Kisumu, na mwaka huo wa 1996 ikafungua tawi Homa Bay, hatua chache kutoka stendi. Redio iliitangaza asubuhi na jioni. Waliowahi kuingia walirudi wakisimulia kama watu waliotoka ng'ambo.

"Mimi na kahawa wapi na wapi?" Kemuma akauliza. "Umesahau yaliyonipata?"

Bathsheba hakuwa amesahau. Kikombe chenyewe alikitoa yeye. Miaka miwili nyuma, walipokuwa wakimzika mama yao huko Nyamira, Kemuma hakufumba jicho siku tatu. Asubuhi ya mazishi baridi ilimtetemesha hadi meno yakagongana. Bathsheba akampa kikombe kimoja cha kahawa, naye akakinywa. Mumewe Ongeri, mzee wa kanisa la Wasabato, ambako kahawa ni mwiko, alimwona na hakusema neno. Lakini waliporudi Migori, Sabato iliyofuata, alisimama mbele ya waumini.

"Anayetaka kufagia kanisa aanze na nyumba yake," akasema, akamtaja mkewe kwa jina.

Mikono ya kumhukumu ikainuliwa. Kemuma, aliyekuwa ameongoza kwaya miaka tisa, akavuliwa uongozi na kupelekwa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mpaka leo alikuwa huko.

"Basi kula donati," Bathsheba akasema. "Donati haina dhambi."

Wakaenda. Mlango wa Duara ulikuwa wa kioo, na ndani kulinukia sukari iliyoungua na kahawa. Viti vilikuwa vimefungwa sakafuni kwa chuma, kana kwamba wateja wangeviiba. Kemuma alikuwa bado anashangaa viti alipoliona koti la kijivu kwenye meza ya dirishani. Koti hilo alilishona yeye. Bega la kushoto aliliinua kidogo, kwa sababu mumewe huliinamisha.

Kila Jumanne Ongeri alikuja Homa Bay kununua omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuuza Migori. Hilo Kemuma alilijua. Kwanza macho yake yalitafuta mwanamke, na alipoona hakuna, moyo ukamtulia kidogo. Kisha akakiona kikombe.

Kijana mwenye tai nyekundu, jina lake Oliver limeandikwa kifuani, akamwinamia Ongeri kwa heshima. "Mzee, nilete ya pili sasa, ama umalize donati kwanza?"

"Lete tu, kijana wangu," Ongeri akasema bila kuinua macho kwenye gazeti.

Kemuma alisikia masikio yake yakipata moto. Ingekuwa mwanamke angejua pa kuanzia. Alitembea hadi kwenye meza ile akaketi mbele ya mumewe.

"Baba Obare."

Gazeti likashuka. Ongeri alikuwa na sukari kwenye masharubu.

"Mama Obare! Wewe... hapa?" Akasukuma kikombe kando, kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Hii ni dawa. Kichwa kinaniuma siku hizi, nikaambiwa..."

"Amekuja mara ngapi?" Kemuma akamuuliza Oliver.

Kijana akatabasamu, akidhani anamsifu mteja. "Mzee ni wetu, mama. Tangu tufungue. Kila Jumanne, vikombe viwili na donati ya sukari."

"Niletee kama yake."

"Punguza sauti," Ongeri akanong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Siku ile ulitaka waniangalie."

Kahawa ikaja. Kemuma akanywa, na ikawa tamu. Hilo lilimkasirisha kuliko yote: kwamba ilikuwa tamu, na mtu huyu alikuwa ameijua ladha yake wiki baada ya wiki, huku yeye akiimba kutoka mlangoni. Akaichukua donati. Kumbe ni andazi lililotobolewa katikati, jepesi, sukari inaganda midomoni. Akaila yote, akitafuna polepole, bila kumwondolea mumewe macho. Bathsheba alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni.

"Sabato utasimama useme," Kemuma akamwambia.

"Niseme nini? Mimi ni mzee wa kanisa. Vijana watanionaje? Mke humsitiri mumewe, Mama Obare."

"Na mume humfanya nini mkewe?"

Ongeri akajifuta sukari masharubuni. Kemuma akainuka, akamwachia alipe.

Siku nne waliishi nyumba moja bila maneno zaidi ya chakula na maji. Sabato ilipofika, wakati wa matangazo, Kemuma alisimama kule nyuma. Alisimama tu. Ongeri, aliyekuwa mbele, akamwona, akakohoa, akainuka haraka kabla hajatanguliwa.

"Ndugu zangu, safari zina majaribu," akaanza. "Mimi pia, siku moja moja, nimeonja kahawa..."

"Kila Jumanne!" Sauti ya Kemuma ikapasua kanisa, ile sauti iliyokuwa ikiongoza kwaya. "Vikombe viwili!"

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Ongeri akaketi kama aliyekatwa miguu. Wiki hiyo hiyo akavuliwa uzee wa kanisa, na Machuki, mwalimu wa kwaya, akamfuata Kemuma kibarazani.

"Dada, yaliyopita yamepita. Rudi utuongoze."

"Hayajapita," Kemuma akasema. Alidhani hasira ingeisha siku ile kanisani, lakini ilikuwa bado imemkaa kifuani kama ukoko chunguni. "Mliinua mikono. Kila aliyeinua aje hapa aniambie kwa mdomo wake. Hapo ndipo nitaimba."

Machuki akaenda zake akitikisa kichwa. Lakini Jumapili mchana walikuja, watu kumi na mmoja, wamevaa vizuri, wakajipanga uani wasijue nani aanze. Ongeri akatoka ndani. Akawatazama, akamtazama mkewe, kisha akashuka ngazi polepole akasimama mwisho wa mstari.

Kemuma alikuwa na sketi kwenye mashine. Hakuinua kichwa. Alikanyaga mashine mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi, akaikunja sketi.

"Haya," akasema. "Baba Obare, anza wewe."