Mguu wa Fundi Ndeti

Kila asubuhi, kabla ya chai, Ndeti alinyoosha mguu wa kulia nje ya blanketi, na mkewe Syokau akaugusa kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Sema, Mama Mwende."

"Una joto," Syokau alijibu, hata siku ambazo mguu ule ulikuwa baridi kama sakafu.

Hakuwa mwongo. Ni vile tu neno baya lilimkwama kooni. Shule aliiacha darasa la tano bila kuwahi kuinua mkono, na pale mtaani Woodley, kwenye chumba cha nyuma walichopewa kwa sababu alifua nguo za nyumba ya mbele, mama mwenye nyumba alimwita "yule kimya". Mwenye maneno alikuwa Ndeti. Alishona nguo mjini, River Road, barazani pa duka la vitambaa. Watu walimletea suruali ya kupunguza na wakabaki hapo kucheka hadi saa sita, yeye akikanyaga cherehani, sigara imemning'inia mdomoni. Alikuwa na miaka thelathini na nne.

Ugonjwa ulimwanzia katika kutembea. Kutoka kituo cha basi hadi barazani kwake ulikuwa mwendo wa dakika kumi. Mwaka wa 1970 ulipokwisha, ulikuwa wa nusu saa. Kila akipiga hatua mia, shavu la mguu lilimkaza kama limefungwa kamba, naye akasimama mbele ya maduka ya vyuma akijifanya anatazama makufuli. Mwenye duka mmoja alimwuliza kama anafungua jela.

Kisha kidole kimoja cha mguu kikaanza kuwa cheusi.

Daktari Odhiambo, mpasuaji wa hospitali kuu, mtu mrefu ambaye bado alikuwa kijana, hakumzungusha. "Mishipa ya damu inaziba, bwana fundi, na sigara ndiyo inaiziba. Chagua moja, sigara au mguu."

Ndeti alitoa paketi mfukoni, akaiweka mezani pa daktari.

"Sasa sikiliza," daktari akasema. "Unajua kushona marinda? Ukivuta uzi kitambaa kinajikunja. Basi kuna mishipa ya fahamu inayobana ile ya damu namna hiyo hiyo. Nitapitia hapa ubavuni, niikate hiyo ya fahamu. Marinda yataachia, damu ishuke mguuni."

"Na uzi hautajivuta tena?"

"Hautajivuta. Lakini ukirudia sigara, kitambaa chenyewe kitaoza."

Ndeti alirudi nyumbani akisema amepata daktari anayejua nguo.

Walimpasua mwezi wa tano. Siku ya tatu Syokau alipogusa mguu ule chini ya shuka, aliurudisha mkono haraka kwa mshangao. Mguu ulikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni, na mkavu, bila jasho hata kidogo. Siku hiyo hakuwa na haja ya kutunga jibu. Wiki sita zilipita, kidonda cha kidole kikawa kinajaa nyama nyekundu, na Ndeti akarudi kwenye cherehani yake.

Mwezi wa saba mama yake alikuja kutoka Kangundo. Alimkuta mwanawe anatafuna njiti za kiberiti, hana raha, anagombana na mkasi.

"Wamekukataza sigara, ni sawa," yule mama mzee alisema huku akifungua kitambaa chake. "Sigara ni moshi. Ugoro una moshi? Babako alinusa mpaka akazikwa na miguu yake yote miwili."

Aliwaachia furushi la majani makavu ya tumbaku na jiwe la kusagia. Tangu hapo, kila Jumamosi Syokau aliketi mlangoni akasaga majani yale pamoja na magadi, macho yakimtoka machozi, kichwa kikimzunguka, halafu akajaza kikopo cha dawa ya viatu alichokiosha vizuri. Ndeti alivuta puani, akapiga chafya tatu, akacheka, akaenda kazini. Syokau alifurahi. Angalau kulikuwa na kitu ambacho mikono yake iliweza kumfanyia.

Mwisho wa Agosti kidonda kilifunguka, na cha pili kikatokea kando yake, akalazwa tena.

"Umevuta," alisema Daktari Odhiambo, amesimama miguuni pa kitanda, wodini.

"Daktari, naapa kwa Mungu. Tangu ile paketi niliyokuachia, sijagusa sigara."

"Huyo haongopi," akadakia Mzee Tobias wa kitanda cha pili, Mluhya aliyevunjika nyonga. "Mimi nalala hapa, pua yangu haijavunjika. Kama kungekuwa na moshi ningemwomba kidogo."

Daktari hakucheka. "Nilikata mishipa yote inayotakiwa. Mguu ulipata joto, nilishika mwenyewe. Sasa umekuwa barafu. Bwana fundi, mimi siwezi kupigania mguu ambao mwenyewe anauchoma. Ijumaa tutakata, chini ya goti."

Alipoondoka, Ndeti alikaa akitazama miguu yake miwili chini ya shuka.

"Ananiita mwongo mbele ya watu," alisema polepole. "Mguu wachukue. Lakini mwongo?" Kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa kando ya kitanda. "Kikopo kimekwisha. Kesho uniletee kilichojaa, nipate nguvu ya hiyo Ijumaa."

Asubuhi ya Jumatano Syokau alisaga. Jua lilikuwa kali, limepasha hata ukuta wa chumba. Alipomaliza alinawa, akamwita Mwende, mtoto wao wa miaka minne, amfute uso. Mtoto akaruka nyuma.

"Mama, mkono wako baridi!"

Syokau aliitazama mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimefifia, kucha zina rangi ya majivu. Aliiweka mashavuni, akasikia ubaridi ule ule aliokuwa akiugusa kila asubuhi chini ya blanketi. Akakumbuka kwamba kila Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo, naye alidhani ni maji ya kunawa. Na mguu wa Ndeti ulianza kupoa lini? Alihesabu wiki kurudi nyuma, akafika mwezi wa saba, kwenye lile furushi.

Hakungoja saa ya kuwatazama wagonjwa. Alimwacha Mwende kwenye nyumba ya mbele, akashika barabara ya Ngong kwa miguu hadi hospitali. Askari wa lango alimwambia arudi saa kumi. Syokau hakuondoka, akasimama pale pale hadi yule mtu akachoka kumtazama na kumwambia, "Haya pita, mama, umenishinda."

Daktari alikuwa amefika kitanda cha Mzee Tobias. Syokau alimfuata moja kwa moja. Akatoa kikopo, akakiweka juu ya makaratasi ya daktari.

"Mama Mwende!" Ndeti alisema. "Unanifanyia nini?"

Daktari alifungua kifuniko, akainama kunusa. Chafya iliyompata ilimfanya aangushe kalamu, na wodi nzima ikaangua kicheko.

"Hii ni nini? Sema, mama."

"Ni ugoro." Sauti ilikuwa ndogo, ila ilitoka. "Ninamsagia mimi. Nikisaga, vidole vyangu vinakuwa baridi. Kama mguu wake."

Kicheko kilikwisha. Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda cha Ndeti.

"Bwana fundi, mbona hukuniambia?"

"Wewe ulisema sigara, daktari. Ugoro ni kitu hata mama yangu hunusa."

Daktari alikizungusha kile kikopo mkononi. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilisema sigara. Ni tumbaku ile ile, na sumu ni ile ile, hata ipitie puani. Kosa ni langu. Na nimekuita mwongo, nisamehe." Akamwita nesi, akamwambia afute ule upasuaji wa Ijumaa. "Nitakupa wiki tatu. Siwezi kukuahidi mguu mzima."

Ndeti hakumsemesha mkewe siku nne. Alikula alicholetewa, akageukia ukuta. Huko Kangundo mama yake Ndeti aliposikia, alituma ujumbe kwamba mkaza mwana amemwaibisha mbele ya wageni. Syokau alilia akifua, akafua hadi mwisho, na jioni akaenda tena hospitali.

Siku ya tano mguu ulitoka nje ya blanketi. Ndeti alikuwa bado anatazama ukuta.

"Sema."

Syokau aligusa. Neno lilimkwama pale pale linapokwama siku zote, akalisukuma. "Baridi."

Ndeti alitikisa kichwa kukubali, akauvuta mguu ndani. Kesho yake akaunyoosha tena. Baridi. Keshokutwa, baridi, labda kidogo tu.

Katika wiki ya tatu daktari alikata vidole viwili vilivyokuwa vimekwisha kufa, akaacha vingine vyote. Asubuhi moja baada ya hapo Syokau aliweka mgongo wa mkono juu ya unyayo na kukaa hivyo kwa muda mrefu, hata Mzee Tobias akauliza kama amelala.

"Sema basi, Mama Mwende."

"Una joto."

Ndeti hakumwuliza kama ni kweli. Alimwomba amletee ile suruali ya kijivu ya mteja iliyokuwa haijapindwa, na sindano na uzi.