Mabati ya Maliro

Wakati wa vita, feza haikuwa na mahali ya kukaa. Ukiificha ndani ya nyumba, baaskari banaiona. Ukienda nayo ku njia ya Beni, barrière ya batu ba silaha inaikula. Ndiyo maana sisi bamama ba Butembo tulikuwa tunaipeleka ku coopérative, hata wenye kuwa na kidogo sana.

Maliro, jirani yangu, alikuwa na compte ku coopérative ya zamani, kule karibu na soko. Alikuwa mujane, anauzaka maharagi, na parokia ilimuweka kuwa mwenye kuchunga feza ya kikundi ya bamama. Kwa hiyo, neno ya feza ikitokea, macho yote inageuka kwake, na yeye alipenda ile.

Kisha coopérative ingine ikafungua mulango. Juu ya kuvuta batu, ikaahidi prime: mwenye kutoka kwengine na kuhamishia kwao akiba yake, Pasaka ikipita, atapewa mabati kumi. Kwa Maliro, mabati ya zamani ilikuwa imetoboka-toboka. Mvua ikianza, anasukuma kwanza kitanda, kisha ndipo anatafuta sufuria za kutega.

Kijana wa ile coopérative, jina yake Gracien, alikuja nyuma ya misa kutuelezea maconditions. Usiwe umekwisha kuwa memba kwao zamani. Ulete karatasi ya kuonyesha kama kule ulikotoka compte imefungwa kabisa. Na ile feza ya kuingilia ibakie ndani, isiguswe mpaka Pasaka. Alisema yote mbio-mbio, nusu Kifaransa, na sisi tulikuwa tunatikisa kichwa sawa ku litania.

Débora peke yake, mwenye kuuza makala, aliinua mukono. Aliuliza kama feza ya kuingilia ni yote yenye mutu analeta, ao ni kipande. Mbele Gracien afungue kinywa, Maliro akajibu:

— Weye Débora unauliza sawa mutoto wa darasa ya première. Isiguswe ni isiguswe. Ao unataka kula feza na mabati pamoja?

Tukacheka bote, na mimi ndani. Gracien pia akacheka, akafunga sac yake, akaenda. Débora akashusha mukono, mais hakuwa mutu wa kuacha neno katikati.

Bamama bengi balihama, Maliro mbele. Ndani ya Kwaresima, chauffeur moja wa camionnette akatuletea habari toka Beni. Mathe, ndugu mudogo wa Maliro, alikuwa amekwenda ku shamba upande wa Mangina. Batu ba silaha bakamukuta kule, bakamuua. Banani, hakuna mwenye alijua.

Ule Mathe, Maliro ndiye alimulea, mama yao alipokufa. Alimubeba ku mugongo akiwa yeye mwenyewe angali mutoto. Na kwetu, mwenye alikulea, kama angali muzima, ndiye anakununulia sanduku. Hakuna mutu anaulizaka.

Tulimusindikiza, mimi na Débora, juu jirani haachake jirani aende ku kilio peke yake. Mbele ya kupanda camionnette, nilimuuliza Maliro kama atapitia ku coopérative. Akaniambia kama akitoa hata kidogo, mabati imepotea. Kisha akasema polepole kama Mathe amekwisha kufa, na mvua ya Butembo ingali. Nilijua hata yeye hakupenda vile maneno ile ilitoka.

Kule Mulekera, ku Beni, tulikuta kiwanja imejaa batu. Mariette, muke wa Mathe, alikuwa amekaa ndani na bamama. Inje, Ézéchias, baba mudogo wa Mathe, alikuwa anapokea muchango. Kila mwenye kutoa, anaita jina yake kwa sauti. Jina ya Maliro ikafika.

— Feza yangu iko bloqué ku coopérative, akasema. Hata mimi mwenyewe hapana weza kuitoa.

Ézéchias akamuangalia.

— Donc Mathe angengojea Pasaka.

Mutu moja akacheka ku pua. Mariette akasema toka ndani, na sauti yenye kuchoka, kama bamuache shangazi ya batoto, vita imefunga mingi. Nyuma yake ikaitwa jina ya Débora, mwenye hakuwa hata ndugu, na alitoa feza ya kushiba macho. Maliro akainama ku sikio yangu, akaniambia kama maskini Débora amekwisha kuchoma mabati yake.

Mais muchango haikutosha kununua mbao, juu siku zile mbao yote ilikuwa inavuka mupaka. Bakavunja kitanda ya Mathe, bakamutengenezea sanduku na ile. Maliro aliona misumari ya zamani inatolewa moja moja. Hakulia sana. Alikuwa ameshika kitambaa ku kinywa.

Pasaka ikapita. Tukapanga musitari ku bureau ya coopérative, na Débora alikuwa mbele yetu. Akatia kidole ku wino, bakamuhesabia mabati kumi. Maliro akatoka ndani ya musitari. Akamuambia Gracien, bote banasikia, kama anakosa, ule mama aligusa feza yake ndani ya Kwaresima, na shahidi iko.

Gracien akamueleza bila kukasirika. Feza ya kuingilia ni ile kidogo yenye memba yeyote anaweka siku ya kwanza, bote sawasawa. Ile ndiyo haiguswe. Yenye kubakia, mwenyewe anaitoa siku anapenda, hata kesho yake, na mabati haipotee.

— Hata weye, mama, ungetoa karibu yote.

— Na kwa nini haukutuambia?

— Mama Débora aliuliza. Weye ulimujibu mbele yangu. Kesho yake alikuja hapa, nikamuelezea.

Maliro alishika meza na mikono mbili. Débora hakumuangalia. Alikuwa anaambia bavulana ba mukokoteni bafunge mabati muzuri, isikate mutu ku njia.

Mabati ya Maliro ilifika kwake siku ile ile. Ikaegemea ukuta, inje. Mvua ikanyesha, ndani ikavuja, na hakuita fundi. Asubui moja akanigongea, akaniomba nimusindikize Beni. Mabati ilikuwa imekwisha kupanda juu ya camionnette. Kwa Débora hakuwa amekwenda kuomba musamaha, na nilipomuuliza, akasema kule kunamushinda mpaka sasa.

Mariette tulimukuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Maliro alibakia amesimama, akamuambia yote: kama feza haikuwa bloqué, kama hata vile alizania iko bloqué, alijua angeweza kuitoa na kupoteza prime, na akachagua mabati.

Mariette akaweka mutwangio chini.

— Nilijua. Débora alinielezea siku ile ya kilio, mbele ya muchango. Nilimuomba asiseme mbele ya Ézéchias.

— Na weye ukanitetea?

— Kilio ilikuwa ya Mathe, shangazi. Haikuwa yako.

Hakusema na hasira. Ingekuwa na hasira, Maliro angejua namna ya kujibu.

Chauffeur akashusha mabati, akauliza ataweka wapi. Mariette akamuonyesha nyuma ya jiko. Hakusema asante, hakusema hapana. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akamuwekea shangazi ya batoto bake. Maliro hakukalia. Akakaa chini ku udongo, akavuta kinu kwake, akaanza kutwanga ile sombe yenye ilibakia, na Mariette akamuacha atwange.