Mimba Iliyopewa Likizo

Barua ziligawiwa saa nne asubuhi, wakati wa chai. Mshona Kola aliisoma yake akiwa amesimama, maana miguu ilimvimba na akishakaa, kuinuka ilikuwa kazi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Kiwanda hakikuwa na nguo za kushona kwa sasa, barua ilisema, hivyo chumba cha pili chote kinapewa likizo ya muda bila malipo, na "kila mtumishi atabaki katika hali aliyo nayo mpaka atakapoitwa."

"Hamjafukuzwa," msimamizi aliwaambia. "Likizo ni likizo. Mtu wa likizo bado ni wetu."

Wakafunika cherehani, wakaenda makwao.

Mwezi wa tisa uliingia ukatoka. Mwezi wa kumi na moja mkunga alizungusha utepe tumboni, akasikiliza, akasema mtoto ni mzima, ila hajasogea hata nukta. Akauliza kama kuna barua. Alipoisoma alikunja midomo.

"Basi ndiyo hii hii. Yule mwenzako wa vifungo naye mimba yake imekwama kwenye miezi mitano tangu siku ya barua." Kwenye kadi, penye tarehe ya kujifungua, akaandika: *Likizo*.

Mama mkwe ndiye aliyekasirika. "Sisi likizo tuliijua ya shule. Watoto wanakuja, wanatumalizia sukari, wanarudi. Hii ya kumzuia mtu mlangoni hajazaliwa ni likizo gani?"

"Ruhusa unaiomba, mama," alisema mwanawe, fundi baiskeli. "Likizo unapewa."

"Na ukipewa usichokiomba, kinaitwaje?"

Fundi akaendelea kuziba pancha.

Wenzake Mshona Kola wa kiwandani walikuwa vivyo hivyo. Kikohozi cha mpiga pasi hakikupona wala hakikuzidi. Mshona mifuko, aliyegombana na dada yake asubuhi ile ya barua, alishindwa kupatana naye ingawa wote wawili walitaka. Mshona Kola alitafuta kazi kwingine, lakini nani amwajiri mwanamke wa miezi minane? Usiku alilala ubavu mmoja. Alichoka uchovu ule ule, mwaka wa pili, mwaka wa tatu.

Akaenda ofisini. Karani, mtu mpole, alimvutia kiti.

"Naomba mnifukuze," alisema.

"Dada yangu, aliye likizo hafukuzwi. Ni kinyume cha sheria."

"Basi naacha kazi mwenyewe."

"Barua ya kuacha kazi anaipokea meneja."

"Yuko wapi?"

"Likizo," karani alisema, akainamisha macho. "Yake ni ya malipo. Ikiisha wanamwongezea."

Alimsindikiza mpaka ngazini, akamshika mkono kila kidato. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumsaidia.

Mwaka wa nne binti wa jirani, ambaye mama yake alikuwa mjamzito pamoja na Mshona Kola, alianza chekechea. Mwezi huo huo habari zikaenea kwamba kiwanda kimepata kazi na chumba cha pili kinaitwa. Mshona Kola alitangulia langoni. Mpiga pasi aliitwa jina, akaingia, na kabla ya kufika mlango wa pili kikohozi kilikuwa kimekwisha. Mshona vifungo akarudishwa. Zamu ya Mshona Kola ilipofika, msimamizi alimtazama tumbo, si uso.

"Mama, mwenye miezi minane hatumweki kwenye cherehani. Akidondoka hapa itakuwa kesi. Jifungue kwanza, kisha njoo tukuite."

"Sijifungui mpaka mniite."

"Na sisi hatukuiti mpaka ujifungue." Alisema bila ubaya, kama anayemwelekeza mtu njia. "Lakini usiwe na shaka. Jina lako lipo, uko likizo."

Ndani cherehani zikaanza kunguruma. Mshona Kola alisimama hadi lango likafungwa, kisha akarudi nyumbani polepole, akipumzika kila penye ukuta wa kuegemea.

Mama mkwe alikuwa amechemsha sufuria kubwa ya maji na kutandika shuka safi kitandani. "Wamekuita?"

"Bado."

Mtoto akapiga teke moja, upande wa kulia, kama kila siku. Mama mkwe aliyaangalia maji yakifuka, akasema yasipotee bure. Akaleta beseni, wakafua mashati ya fundi.